Ploti zinapokizingira kiwanda: Kiini cha mvutano katika ardhi za kilimo

MTU anayenunua ploti katikati ya mashamba ya kahawa Kaunti ya Kiambu aghalabu hupelekwa kuiona wakati wa kiangazi. Mwezi wa Januari au Februari barabara ya udongo hupitika bila taabu, jua huwaka na mandhari hupendeza. Kiwanda cha kahawa kilicho ng'ambo ya kijito huwa kimya, lango lake limefungwa kwa mnyororo. Wakala akiulizwa ni jengo la nini, hujibu kwamba ni mali ya chama cha ushirika, na mazungumzo huishia hapo.

Mnunuzi hulipa, hujenga na kuhamia na jamaa yake. Ifikapo Oktoba, mavuno makuu yanapoanza, ndipo anapobaini kile ambacho hakukiona. Magari na mikokoteni hupishana barabarani tangu adhuhuri. Mashine za kumenya kahawa hunguruma hadi usiku. Baada ya siku chache maganda yaliyorundikwa huanza kuoza, na maji yaliyooshea kahawa huchacha katika mashimo, uvundo wake ukipenya hadi chumbani. Barua ya kwanza ya malalamiko huandikwa.

Mkulima, kwa upande wake, hupigwa na butwaa. Kiwanda hicho kilimsomesha yeye na ndugu zake. Leo anaambiwa na mtu aliyehamia juzi kwamba ni kero, na kwamba kifungwe au kihamishwe.

Mvutano wa aina hii hauko Kiambu pekee. Unaweza kuzuka popote ambapo ardhi ya rutuba hukatwa vipande vya kujengea nyumba karibu na kiwanda kinachotegemea mazao ya ardhi hiyo hiyo, iwe ni katika maeneo ya majani chai ya milimani au katika ukanda wa miwa wa magharibi mwa nchi. Mara nyingi huelezwa kana kwamba ni ugomvi wa harufu na kelele. Ukweli ni kwamba harufu ni dalili tu. Shamba linalokatwa ploti hukinyima kiwanda vitu viwili kwa pamoja: mazao kilichojengwa ili kuyatayarisha, na nafasi iliyokitenga na makazi ya watu. Vitu hivyo viwili vikishaondoka, hakuna barua wala kesi inayoweza kuvirejesha.

Kwa nini mashamba yanakatwa

Takwimu zinaeleza sehemu ya kisa hiki. Katika sensa ya mwaka 2009, Kaunti ya Kiambu ilikuwa na watu 1,623,282. Kufikia sensa ya mwaka 2019 idadi hiyo ilikuwa imefika 2,417,735. Hilo ni ongezeko la takribani watu 800,000 katika muda wa miaka kumi, ndani ya kaunti yenye ukubwa wa takribani kilomita 2,500 mraba tu. Wengi wao ni watu wanaofanya kazi Nairobi na kutafuta mastakimu pahali ambapo ardhi ni nafuu kidogo. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, maeneo yaliyoonekana kuwa mashambani yalijikuta yakiwa jirani na jiji.

Wakati huo huo kahawa ilikuwa imepoteza nguvu zake. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilizalisha karibu tani 130,000 za kahawa. Mwezi Julai mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ya kahawa ulisambaratika na bei zikaporomoka. Yalifuata madeni, mizozo ndani ya vyama vya ushirika na malipo yaliyochelewa. Katika miaka ya karibuni mavuno ya taifa yamekuwa chini ya nusu ya kiwango cha msimu ule.

Mkulima mzee anayeuza shamba lake, kwa hivyo, hafanyi hivyo kwa upumbavu wala kwa tamaa peke yake. Ana ekari mbili au tatu, watoto watano na mibuni aliyoitunza miaka mingi bila faida ya kutajika. Akija mtu na kumpa kwa ekari moja fedha ambazo mibuni isingemletea kwa miaka na mikaka, ni nani atakayemlaumu?

Urithi nao una sehemu yake. Shamba la babu la ekari kumi huwa la ekari mbili mbili kwa wanawe watano, na nusu ekari kwa wajukuu. Kipande hicho cha nusu ekari hakitoshi kulisha familia kwa kilimo cha kahawa, lakini kinatosha kabisa kutoa ploti tatu au nne za futi hamsini kwa mia moja.

Mashamba makubwa pia yamefuata njia hiyo. Mji mpya wa Tatu City, karibu na Ruiru, unajengwa katika takribani ekari 5,000 ambazo zamani zilikuwa za kahawa. Hata hivyo kuna tofauti ya kuzingatiwa. Mji uliopangwa tangu mwanzo huwa na ramani, mitaro ya maji taka na maeneo ya viwanda yaliyotengwa na makazi. Mvutano tunaouzungumzia huzaliwa zaidi pale ambapo shamba la ekari mbili linakatwa leo, la jirani mwakani, na la tatu mwaka wa tatu, bila mtu yeyote kuitazama ramani nzima.

Kwa nini kiwanda hakiwezi kuhama

Mkazi mpya huuliza swali la haki: kwa nini kiwanda kisihamishiwe mbali na watu? Jibu limo katika tabia ya mazao yenyewe.

Matunda ya kahawa yaliyoiva hupaswa kumenywa siku ile ile yanapochumwa. Yakilala, huanza kuchacha ndani ya ganda na ladha ya kahawa huharibika, na bei hushuka. Majani mabichi ya chai nayo huanza kubadilika mara tu yanapochumwa, na hutakiwa kufika kiwandani katika muda wa saa chache. Miwa iliyokatwa hupoteza sukari kadiri inavyokaa juani, na inafaa kusagwa kabla ya siku mbili kupita. Ndiyo maana viwanda hivi havikujengwa mijini karibu na umeme na barabara nzuri, bali mashambani. Kiwanda cha kahawa, zaidi ya hayo, hakina budi kuwa karibu na mto, kwa kuwa kumenya na kuosha kahawa huhitaji maji mengi.

Kumenya ni kutenganisha ganda na punje. Baada ya hapo punje hulazwa katika mabirika, kwa kawaida usiku kucha au zaidi, ili ule utelezi unaozishika uchache na kulegea. Kisha huoshwa na kuanikwa kwenye vitanda vya waya. Takribani kilo saba za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni maganda na maji yenye sukari, na hicho ndicho kiini cha uvundo. Maji hayo yakiachwa yatiririke hadi mtoni, huimaliza hewa ya oksijeni ambayo samaki na viumbe wengine wa majini huitegemea. Kwa sababu hiyo viwanda huchimba mashimo ya kuyahifadhi hadi yazame ardhini.

Viwanda vingine vina kero zake. Kiwanda cha chai huchoma kuni ili kupata mvuke na joto la kukaushia majani, na msimu wa mavuno mengi unapofika hufanya kazi usiku na mchana. Kiwanda cha sukari huchoma makapi ya miwa na kutoa moshi na majivu, mbali na harufu nzito ya molasi na misururu ya matrekta.

Zamani hayo yote hayakuwa siri, wala hayakuwa tatizo kubwa. Kiwanda kilizungukwa na mashamba ya wale wale waliokimiliki. Harufu ilipofika kwenye nyumba, ilikuwa imepungua nguvu kwa umbali, na aliyeinusa alijua kwamba ndiyo karo ya mwanawe.

Hasara inayojizidisha

Hebu tuchukue mfano wa hesabu, ambao ni wa kueleza jambo tu wala si wa kiwanda fulani. Mibuni ikipandwa kwa nafasi ya futi tisa kwa tisa, ekari moja hubeba takribani miti 540. Kila mti ukitoa kilo tano za matunda kwa mwaka, ekari hiyo huleta kiwandani kilo 2,700. Tuseme kiwanda hupokea kilo 900,000 kwa mwaka, na gharama zake zisizobadilika, kama vile mishahara ya wafanyakazi wa kudumu, mlinzi, ukarabati wa mashine na riba ya mkopo, ni Sh9 milioni. Kila kilo basi inakatwa Sh10.

Sasa ekari 100 zikatwe ploti. Kiwanda kitapoteza kilo 270,000 na kubaki na 630,000. Mlinzi ni yule yule, mashine ni ile ile, na riba haikupungua. Kila kilo sasa itakatwa zaidi ya Sh14. Mkulima ambaye hakuuza hata hatua moja ya shamba lake atapata malipo madogo kuliko mwaka uliotangulia, ingawa alichuma kiasi kile kile na bei sokoni haikubadilika. Atapiga hesabu, naye ataanza kumsikiliza wakala. Akiuza, makato ya atakayebaki yatapanda tena.

Hivyo ndivyo uamuzi wa mtu mmoja juu ya ardhi yake unavyoingia mfukoni mwa jirani. Kiwanda hakifi kwa sababu wakulima wote walikubaliana kukiua. Hufa kwa sababu kila mmoja alifanya lililomfaa baada ya mwenzake kutangulia.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni idadi ya watu. Ekari moja ina futi 43,560 mraba. Ploti ya futi hamsini kwa mia moja huchukua futi 5,000, na baada ya kuondoa njia za kupita, ekari hutoa ploti saba au nane. Ekari zile 100 huwa ploti 700 hadi 800. Pahali palipokuwa na familia thelathini au arobaini zilizokula kutokana na kiwanda, pamekuja mamia ya familia zisizofaidi chochote kutoka kwacho, na zilizo karibu nacho kuliko mtu yeyote alivyowahi kuwa.

Madhara hayaelekei upande mmoja tu. Vyoo vya shimo na matangi ya maji taka ya nyumba zilizo mlimani huweza kuchafua kijito kile kile ambacho kiwanda hukitumia kuoshea kahawa inayotakiwa kuwa safi. Mkulima anayenyunyizia mibuni dawa ya kukinga ugonjwa wa matunda sasa hunyunyizia kando ya ua ambako nguo zimeanikwa na watoto wanacheza. Kila upande una sababu ya kumwogopa mwenzake.

Haki zinazogongana

Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mmoja wao silaha. Kifungu cha 40 kinalinda haki ya mtu kumiliki mali, na mwenye shamba hukitegemea anaposema ardhi ni yake na atamuuzia amtakaye. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na mkazi hukitegemea anapolalamikia uvundo. Kifungu cha 60 kinataka ardhi isimamiwe kwa njia yenye tija na endelevu, na mkulima aliyebaki hukitegemea anapouliza ni nani atakayelinda uchumi wake.

Juu ya hizo zote kuna Kifungu cha 66, kinachoiruhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya mambo kadhaa, yakiwemo mipango ya matumizi ya ardhi. Maana yake ni kwamba umiliki haujawahi kuwa ruhusa ya kufanya lolote. Kazi ya kusawazisha haki hizi imeachiwa sheria za kawaida, nazo zina milango zaidi ya mmoja.

Mlango wa kwanza ni Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kuuza au kugawanya ardhi ya kilimo katika eneo linalodhibitiwa bila kibali cha bodi ni batili. Kibali huombwa katika muda wa miezi sita tangu makubaliano yafanywe. Hata urithi, ambao kwa kawaida hauhitaji kibali, huhitaji pale unapoigawanya ardhi katika hatimiliki mbali mbali. Sheria inaielekeza bodi kwamba kwa kawaida inyime kibali iwapo kugawanywa kwa ardhi kunaelekea kupunguza uzalishaji wake. Ni maneno ya wazi. Lau yangefuatwa kwa ukamilifu, mashamba mengi ya kahawa yangekuwa bado mashamba.

Lakini mlango huo una ufa. Sheria inahesabu kuwa ya kilimo ile ardhi iliyo nje ya manispaa na miji. Mji unapopanuliwa mipaka, shamba lililomezwa hutoka mikononi mwa bodi, isipokuwa iwapo waziri ametangaza kuwa ni ardhi ya kilimo. Mibuni haijang'olewa na mto haujahama, ila mstari katika ramani umesogea.

Mlango wa pili ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996. Hapa mwenye mamlaka ni serikali ya kaunti. Anayetaka kugawanya ardhi au kubadilisha matumizi yake kutoka kilimo hadi makazi lazima aombe idhini ya kaunti, na sharti umma uarifiwe ili mwenye pingamizi alitoe. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufani katika muda wa siku 14 mbele ya kamati ya kaunti inayoshughulikia migogoro ya mipango, na kutoka hapo aende katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Msomaji ataona tatizo. Bodi ya udhibiti huongozwa na afisa wa utawala wa serikali kuu, ilhali idhini ya mipango hutolewa na kaunti. Mmoja anaweza kudhani kwamba mwenzake ndiye aliyeuliza habari za kiwanda.

Mlango wa tatu ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, inayosimamiwa na mamlaka ya NEMA. Hiyo hukagua maji yanayotoka kiwandani, kelele na moshi, na hutaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Hata hivyo shamba linalouzwa ploti moja moja, kila mnunuzi akijenga kwa wakati wake, aghalabu halitazamwi kama mradi mmoja. Nyumba mia moja huingia kijijini moja baada ya nyingine, na kila moja huonekana kuwa jambo dogo.

Aliyetangulia ana kinga?

Swali ambalo huwaka moto zaidi katika mikutano ya hadhara ni hili: kwa kuwa kiwanda kilitangulia, je, si juu ya mgeni kuvumilia? Kwa akili ya kawaida jibu ni ndiyo. Kwa sheria, jambo si jepesi hivyo.

Sheria ya Uamuzi ya mwaka 1967 inaziagiza mahakama zetu kuongozwa, pale hali za nchi zinaporuhusu, na misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Miongoni mwa misingi hiyo ni uamuzi wa mwaka 1879 katika kesi ya London kati ya daktari na jirani yake mtengenezaji wa peremende. Mtengenezaji alikuwa ametumia vinu vyake vikubwa kwa zaidi ya miaka 20 bila malalamiko. Daktari akajenga chumba cha kuwatazamia wagonjwa kando ya ukuta wa jirani, kisha akashtaki kwamba mtikisiko na kelele zinamzuia kufanya kazi. Daktari alishinda. Mahakama ilikataa hoja kwamba mtu akikisogelea kero mwenyewe hapaswi kuilalamikia.

Kwa hivyo msimamizi wa kiwanda anayelala usingizi kwa kuwa chama chake ni cha zamani ajihadhari. Kutangulia pekee si ngao.

Huko Marekani mvutano kama huu ulifikishwa katika Mahakama ya Juu ya jimbo la Arizona mwaka 1972. Kampuni ya Del Webb ilikuwa imenunua mashamba na kujenga mji wa makazi uitwao Sun City, ukasogea hadi karibu na mazizi ya kunenepeshea maelfu ya ng'ombe ya kampuni ya Spur. Harufu na nzi vikawasumbua wakazi. Mahakama iliamua mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, mazizi yaondoke, kwa sababu afya ya wakazi ilikuwa hatarini. Pili, gharama za kuyahamisha zilipwe na kampuni iliyojenga nyumba, kwa sababu ndiyo iliyowaleta watu pale na kupata faida kutokana na ardhi ya bei nafuu.

Baadaye majimbo yote 50 ya nchi hiyo yalitunga sheria za kulinda mashamba yaliyotangulia dhidi ya kesi za majirani wapya. Sheria hizo zina walalamishi wake pia, maana zinaweza kumpa mchafuzi mkubwa mahali pa kujificha. Hatuna haja ya kuziiga. Lakini swali la majaji wa Arizona linatufaa: mbali na kuuliza nani alitangulia, tuulize pia nani aliyepata faida kwa kuwaweka watu karibu na kiwanda. Mara nyingi si mkulima aliyebaki, wala si mwenye nyumba aliyekopa ili ajenge. Ni aliyelinunua shamba kwa ekari na kuliuza kwa ploti, kisha akaenda zake kabla ya Oktoba.

La kufanywa kabla ya vigingi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Katika jambo hili ufa ni siku ile ombi la kugawanya shamba linapofikishwa mbele ya afisa. Siku hiyo mashine haijamkera mtu na hakuna mwenye nyumba wa kufukuzwa. Kuna hatua ambazo haziwezekani baadaye lakini zinawezekana siku hiyo.

Kwanza, kila kaunti yenye viwanda vya mazao ivionyeshe katika ramani zake za mipango, pamoja na eneo la kuvizunguka ambalo halitakatwa ploti za makazi. Umbali wa kufaa utategemea kiwanda, mteremko na mwelekeo wa upepo. Katika eneo hilo kilimo kiendelee, au pawekwe maghala, miti na shughuli zisizodhuriwa na kelele. Mwenye shamba anayezuiwa kukata ploti kwa sababu hiyo asiachwe akibeba mzigo wa wote. Haki inadai afikiriwe kwa nafuu ya kodi au kwa chama kununua sehemu ya ardhi yake.

Pili, idhini inapotolewa, iwe na masharti. Anayekata ekari mia moja karibu na kiwanda achangie mashimo bora ya maji machafu, ukingo wa miti na barabara ambayo malori yataitumia bila kupita katikati ya nyumba. Gharama hiyo ikiwekwa mwanzoni, itaingia katika bei ya ploti. Isipowekwa, italipwa na mkulima kwa makato au na mkazi kwa afya yake.

Tatu, mnunuzi aelezwe. Upekuzi wa hatimiliki, uwe wa ofisini au kupitia mtandao wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, utamwonyesha nani anamiliki ardhi na kama imewekwa rehani. Hautamwonyesha kiwanda kilicho mita mia mbili kutoka hapo. Ni vyema mkataba wa mauzo utaje jambo hilo kwa maandishi.

Mnunuzi mwenyewe naye ana wajibu. Aitembelee ploti zaidi ya mara moja, na mojawapo ya safari hizo iwe msimu wa mavuno. Eneo la kahawa la kati lina mavuno makuu kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mengine madogo kati ya Aprili na Julai. Awaulize wanaoishi pale, si wakala. Atake kuona kibali cha bodi na idhini ya kaunti, maana ploti iliyokatwa bila hivyo ina balaa kubwa kuliko harufu.

Vyama vya ushirika navyo visisubiri kushtakiwa. Matangazo ya kubadilisha matumizi ya ardhi hutolewa ili yasomwe, na siku za rufani ni 14 tu. Chama kisichokuwa na mtu wa kuyafuatilia kitajua habari za mtaa mpya pale matingatinga yanapofika. Vilevile maganda ya kahawa yanaweza kugeuzwa mbolea badala ya kurundikwa, na mashine za kisasa za kumenya hutumia maji machache na kuyarudia. Kiwanda kinachotimiza masharti ya NEMA na kuwa na kumbukumbu za kuthibitisha husimama kwa miguu miwili mbele ya hakimu.

Kuna jambo moja ambalo si la chama wala la mnunuzi. Kifungu cha 68 cha Katiba kinalitaka Bunge kutunga sheria ya kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ukubwa wa ardhi ambacho mtu binafsi anaweza kumiliki. Ni suala gumu kisiasa, kwa sababu linagusa urithi wa maskini na mashamba ya mabwanyenye kwa wakati mmoja. Lakini pasipo mpaka wa chini, swali la shamba litagawanywa hadi wapi litaendelea kujibiwa na aliye na haja ya fedha wiki hiyo.

Wakenya wanahitaji nyumba, na hakuna anayeweza kuwaambia wasijenge. Wanahitaji pia kahawa, chai na sukari ambazo ndizo ajira na karo za mamilioni ya jamaa za vijijini. Nyumba inaweza kujengwa mahali pengi. Kiwanda cha kahawa kinaweza kuwa mahali pamoja tu, kando ya mto, katikati ya mibuni. Afisa anayeshika kalamu ili kuidhinisha ramani ya ploti anastahili kukumbuka tofauti hiyo kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa mwaka mmoja baadaye, jirani wawili watakapofika ofisini kwake wakiwa na barua mbili za malalamiko, hatakuwa na la kuwapa isipokuwa pole.